Akili Nayo Huuguzwa

Mkimbizi anapoingia Uganda, kitu cha kwanza anachodaiwa ni kukumbuka. Jina lako, la baba yako, la babu yako. Kijiji ulikozaliwa, na chifu aliyekitawala. Siku mliyotoka, mpaka mliovuka, mlikuwa wangapi, nani alibaki njiani. Anayajibu hayo mbele ya meza ya mapokezi, na miaka ikipita anayajibu tena mbele ya meza nyingine, na jibu la leo linawekwa kando ya jibu la zamani. Nyumba tuliiacha, shamba tuliliacha, vyeti vya wengi viliungua. Ushahidi tuliobaki nao ni kichwa.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu 2019, mama yangu alipopata kiharusi akiwa kambini Nakivale, katika kijiji tunachokiita New Congo. Alikuwa anawasha moto wa chai, mkono wa kushoto ukalegea, mguu wa kushoto ukafuata, mdomo ukaenda upande. Ulimi ulibaki mzima. Jioni ile ile alikuwa anazungumza, anaomba, anawataja wajukuu wote kwa majina. Kila aliyekuja kumwona aliondoka akimshukuru Mungu: mwili umeguswa, lakini akili iko salama. Haikuwa salama. Ilikuwa imejeruhiwa mahali ambapo mazungumzo ya kitandani hayafiki, na zilipita wiki kabla ya jirani na ndugu kukubali kwamba mambo mapya waliyoyaona kwake yalikuwa ugonjwa.

Ninalotaka kusema ni moja. Akili iliyoumizwa na kiharusi huuguzwa kama mguu ulioumizwa na kiharusi: kwa saa, kwa mpango, kwa zamu, kwa subira. Hospitali ina sehemu yake. Sehemu kubwa zaidi ni ya nyumbani, na nyumbani kunahitaji maarifa, maana huruma peke yake huchoka upesi.

Mama alikuwa mfanyabiashara wa soko la Kiwanja, kule Rutshuru. Aliuza maharage, na samaki waliotoka Vitshumbi, kando ya Ziwa Edward. Shule aliiacha akiwa bado mdogo, lakini faranga, dola na shilingi za Uganda alizibadilisha kichwani bila karatasi, na madeni ya wateja wote aliyatunza humo humo. Vita vilipofika Kiwanja mwishoni mwa 2008 tulikimbia, tukavuka mpaka, tukafikishwa Nakivale, wilaya ya Isingiro. Kambi hiyo ni ya zamani. Ilifunguliwa mwaka 1958, na sasa Wakongo ndio wengi, wakiishi pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na Waethiopia. Ukipewa kiwanja unajenga kwa udongo na turubai, unalima mahindi na maharage, unaanza. Mama alianza na beseni moja la ndagala. Baada ya muda wanawake wengi wa New Congo walikuwa wanakopa kwake, na deni la kila mmoja lilikuwa kichwani mwake.

Kituo cha afya kilimpa rufaa, akapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, ambayo ndiyo pia hospitali ya mafunzo ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Mimi nilikuwa nimeshahamia mjini. Naishi Kakoba, nashona nguo, nina chumba kimoja cha kupanga. Alipotolewa wodini nilimchukua kwangu ili asikose kliniki wala mazoezi ya viungo, kwani kutoka Nakivale hadi Mbarara ni safari ya kilomita kama 50, na mtu mwenye mguu mmoja mzima hawezi kuikabili kila wiki.

Kakoba ndipo mambo yalipoanza kuonekana. Nilimwekea sahani ya bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Alikula nusu ya kulia, akaacha nusu ya kushoto bila kuigusa, kisha akauliza, "Mwanangu, mbona leo umenipa kidogo hivi?" Nilipoizungusha sahani, aliishangilia kama chakula kipya. Akivaa blauzi, alipitisha mkono wa kulia tu, akaona amemaliza. Mtu akimsalimia kutoka kushoto, alimtafuta kulia. Alisema mguu wake hauna shida, akainuka peke yake, akaanguka. Alitaka kupika, akamwaga unga katika maji baridi, akasimama akiitazama sufuria kama haijui. Nilimtuma anunue chumvi duka la pili kutoka kwetu, akarudi na sabuni, na chenji hakuwa nayo.

Majirani walikuwa na maelezo yao. Mmoja alisema ni uzee. Mwingine alisema anajideka kwa kuwa yuko kwa binti yake. Wa tatu alininong'oneza kwamba kuna mkono wa mtu, nitafute wa kumwondolea. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mtu anayeongea vizuri, anayekumbuka nyimbo za ndoa yake na majina ya samaki wote wa Vitshumbi, akishindwa kuvaa blauzi, watu huona tabia. Hawaoni jeraha.

Daktari wa kliniki alinieleza kwa maneno mepesi. Mshipa uliziba upande wa kulia wa ubongo. Upande huo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kushoto, na ndio pia unaoelekeza uangalifu wetu upande wa kushoto wa dunia. Macho ya mama yanaona. Ubongo ndio hauendi kule. Lugha kwa watu wengi hukaa upande wa kushoto, ndiyo maana maneno yake yalisalimika. Pamoja na hayo, kiharusi kinaweza kuharibu uwezo wa kupanga hatua, kushika mambo mawili kwa wakati mmoja, kujizuia, hata kujua kwamba unaumwa. Kama mshipa wake ungeziba upande mwingine, tungekutana na mama mwingine: anayeona sahani yote lakini hapati neno la kuomba maji.

Aliniambia pia kwamba hatuko peke yetu, na baadaye nililisoma hilo kwa macho yangu. Chama cha Moyo cha Marekani, katika tamko lake la 2023, kinasema kwamba hadi watu 6 kati ya 10 waliopona kiharusi hupata tatizo la kumbukumbu au la kufikiri ndani ya mwaka wa kwanza, na kwamba karibu theluthi moja wanaweza kufikia usahaulifu mkubwa wa uzeeni ndani ya miaka 5. Lakini tamko hilo hilo lina upande wa matumaini: wapo wanaorudishiwa uwezo wao, na miezi 6 ya mwanzo ndiyo yenye nafasi kubwa. Kwa hiyo miezi ambayo familia nyingi huitumia kubishana kama mgonjwa anajideka au amerogwa ndiyo miezi yenye thamani kuliko yote.

Siku ya kupimwa akili nilijifunza jambo ambalo kila familia ya mkimbizi inafaa kulijua. Vipimo vinavyotumika sana duniani viliandikwa kwa watu waliokwenda shule. Kile kiitwacho MoCA, kilichotoka Montreal na kuchapishwa 2005, humtaka mtu achore saa, anakili umbo la sanduku, ataje tarehe. Mama hajawahi kuvaa saa. Majira aliyajua kwa jua na kwa kengele ya kanisa. Maswali yalikuwa yanatoka katika Kiingereza, yanapita Runyankore, na mimi ndiye niliyeyafikisha kwenye Kiswahili. Alama zake zilikuwa za chini sana. Daktari mwenyewe, kijana mpole, aliisukuma karatasi pembeni akasema alama hizo zinachanganya kiharusi, shule na lugha, na hawezi kuzitenganisha. Akaniomba nimuulize mama kuhusu soko. Makopo matatu ya maharage, kila moja kwa bei fulani, mteja ametoa noti hii, unamrudishia nini? Mama alianza vizuri, akafika katikati, akapotea, akaanza tena mwanzo, akapotea palepale. "Hapo ndipo palipoumia," daktari akasema. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kutuonyesha mahali penyewe.

Kazi kama hiyo imeshafanywa kwa upana karibu na sisi. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na wenzao wa nje walitengeneza kipimo kiitwacho IDEA kwa ajili ya wazee ambao hawakusoma. Badala ya kalamu na karatasi, mzee hupewa njiti za kiberiti apange umbo aliloonyeshwa. Huambiwa ataje wanyama wengi awezavyo. Hupewa maneno ya kukumbuka baadaye. Kila mzee wa Afrika ya Mashariki ameshashika njiti ya kiberiti. Napenda kipimo hiki kwa sababu kinamheshimu anayepimwa. Mtu asihukumiwe kuwa amepungukiwa akili kwa sababu ya kalamu ambayo maisha hayakumpa.

Baada ya kupima, swali letu lilikuwa moja: kuna dawa? Jibu la kweli ni kwamba hakuna kidonge kinachorudisha akili iliyopotea kwa kiharusi. Wanaoahidi hivyo sokoni wanauza matumaini. Lakini kuna dawa zinazozuia hasara nyingine, na hizo mama alikuwa nazo mkononi tayari: za presha, na ile ya kuzuia damu kuganda, ambayo hupewa waliozibwa mshipa na haifai kuchezewa na aliyevujiwa damu kichwani. Utafiti mkubwa uitwao PROGRESS uliwafuata watu zaidi ya 6,000 waliowahi kupata kiharusi au dalili zake za kupita. Matokeo yake kuhusu akili, yaliyochapishwa 2003, yalionyesha kwamba waliopewa dawa za presha walipungukiwa akili kwa kiwango kidogo kuliko wenzao, hasa kwa sababu walikingwa na kiharusi cha pili. Kila kiharusi kipya hukata kipande kingine cha akili, na viharusi vidogo visivyoonekana hukata kimyakimya. Lengo ambalo madaktari wengi hulifuata kwa mtu wa namna hii ni presha iliyo chini ya 130 kwa 80. Kwa hiyo tukaanza kuihesabu dawa ya presha kuwa dawa ya akili. Ilitusaidia, maana mama alikuwa haoni haja ya kumeza kidonge siku ambayo kichwa hakimuumi.

Mtu anayesahau hawezi kupewa jukumu la kukumbuka dawa yake. Hili ni dogo kulisema, na ndilo linaloangusha wengi. Tuliiunganisha dawa na uji wa asubuhi: uji hauji kabla ya kidonge, na mtu mmoja, mwenye jina, ndiye anayekitoa na kumwona akimeza. Tukaacha kabisa kumuuliza, "Mama, umekunywa dawa?" Angejibu ndiyo, naye angeamini jibu lake.

Kuna pia mambo yanayoiongezea akili mzigo, na yanaweza kuondolewa. Muuguzi alituambia tuyatafute kabla ya kukata tamaa: homa ya malaria, maambukizi ya mkojo, kukosa maji, sukari iliyoshuka au kupanda, maumivu, usiku wa kutolala, masikio yaliyoziba, miwani iliyopotea. Mgonjwa wa kiharusi akichanganyikiwa ghafla ndani ya siku moja au mbili, hilo si la kusubiri, apelekwe kituoni. Alituonya pia kuhusu vidonge vya duka la dawa. Vile vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi, kama piriton, na baadhi ya dawa za usingizi, humvuruga mzee aliyeumia ubongo. Tangu siku hiyo mama hanunuliwi kidonge bila kadi yake ya kliniki kuonyeshwa.

Halafu kuna huzuni. Karibu theluthi moja ya waliopata kiharusi huugua sonona, na sonona hufunga akili ambayo bado ipo. Mama aliacha kuimba. Alilala akiangalia ukuta, ukimuuliza kitu anajibu, "Sijui." Tulidhani ni kusahau. Daktari alikaa naye, akamuuliza mambo ya moyo, akaona kwamba mengi ya "sijui" yale yalikuwa kilio. Alimtibu, na kinamama wa kanisa wakaombwa wasije wote Jumapili moja na kutoweka, bali wagawane siku. Wiki zilipopita, nusu ya kumbukumbu tuliyoidhania imepotea ilirudi yenyewe.

Kazi ya nyumbani niliianza kwa nilichokuwa nacho, yaani sindano na uzi. Mtaalamu wa mazoezi alinishauri nimpe mama alama ya rangi kali upande wa kushoto, macho yake yaifuate hadi mwisho. Nilishona utepe mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa kitambaa cha meza, nikashona mwingine kwenye mkono wa kushoto wa kila blauzi. Kabla ya kula tulimwambia, "Mama, tafuta nyekundu." Akiipata, anaanza kula kutoka hapo. Kiti cha wageni kilihamia kushoto kwake, wanaompenda wakawa sababu ya yeye kugeuka. Mwanzoni alikasirika, akasema tunamfanya mtoto. Baadaye kichwa kilianza kugeuka bila kuambiwa.

Bugali tuliurudia kwa hatua. Wataalamu wanasema mgonjwa wa namna hii asiachwe akisie, kwa sababu kosa nalo hukaa kichwani na kurudi kesho yake. Basi nilisimama naye, nikasema neno moja kwa wakati mmoja. Maji. Nangoja. Yamechemka. Unga. Nilimshika mkono kabla haujakwenda kwingine. Hatua aliyoimudu niliiacha mikononi mwake, nikasogea kwenye inayofuata. Redio ilizimwa wakati wa kupika, watoto walitolewa nje, kwa sababu uangalifu wake ulitosha kitu kimoja tu. Sigiri yenye makaa haikuachwa naye hata dakika moja. Simu yake ya pesa tuliiwekea mpango: kaka yangu mkubwa na mimi tunajua namba ya siri, na hakuna pesa inayotoka bila mama kuambiwa uso kwa uso. Alikuwa ameshapigiwa na matapeli, na angewapa kila kitu kwa upole.

Kuhusu kupotea, nilishona mfuko mdogo ndani ya kila kitenge chake, nikaweka karatasi yenye namba yangu na ya kaka. Kisha nilimpeleka kwa vijana wa boda wa stendi ya karibu, nikawaambia, huyu ni mama yenu, ameumwa kiharusi, akionekana peke yake mleteni. Kuna mchana alitoka kutafuta kisima cha New Congo katikati ya Kakoba. Vijana wale walimrudisha akiwa amekaa nyuma ya pikipiki, ameshikwa vizuri, hana hata vumbi. Aibu ingenifanya nifiche ugonjwa wake, na kuficha kungemfanya mtu asimtambue. Namshauri kila anayeuguza awaambie majirani mapema, kwa maneno yaliyo wazi.

Tukio hilo lilionyesha pia kwamba Kakoba ilikuwa imemaliza kazi yake. Mji ulimpa kliniki na mazoezi, lakini kila kitu hapo kilimtaka ajifunze upya: mlango, choo, njia, lugha ya jirani. Ubongo uliojeruhiwa hujifunza mapya kwa shida, ila yaliyozoeleka kwa miaka hukaa ndani zaidi. Presha ikiwa imetulia, naye akitembea kwa fimbo, tulimrudisha Nakivale. Kwa mkimbizi hili lina uzito wa ziada, kwa kuwa mgao wa chakula hutolewa kambini, na Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ulipoupunguza mwaka 2020 hakuna familia iliyoweza kumudu mdomo ulio mbali. Nyumbani kwake jerikani lilikuwa mahali pake, mkeka mahali pake, na mkono ulivifikia kabla ya kufikiri. Tulimpangia siku moja inayofanana na nyingine: dawa na uji, kutembea hadi kanisani na kurudi, kuchambua maharage, kulala kidogo, kusuka mkeka, wageni wawili na si kumi, chakula kabla ya giza.

Jioni za wageni tulizitia mpango kwa mfano mwingine wa Hai. Kule wazee wenye usahaulifu walikusanywa katika vikundi vidogo, vikao 14 katika wiki 7, wakazungumza juu ya chakula, nyimbo, utoto, fedha za zamani, mambo ya leo. Uwezo wao wa kufikiri ulionekana kuongezeka na wasiwasi kupungua, na waliokuwa wakiviongoza walikuwa wahudumu waliofundishwa. Sisi hatukuwa na mtaalamu, tulikuwa na mchungaji na kinamama. Mchungaji alikuwa akimwombea mama apone. Sasa huomba, kisha hukaa na kumuuliza bei ya samaki wa Vitshumbi zamani zile, na jinsi ya kumtambua aliyekaushwa vibaya. Hamuulizi kumjaribu. Anamuuliza maoni yake, na mama anafikiri, anabisha, anacheka. Imani na kliniki zimekaa benchi moja, na mgonjwa amefaidika na zote mbili.

Sasa narudi kwenye zile meza. Baada ya kiharusi mama aliitwa kwa mahojiano katika ofisi moja inayoshughulikia faili za wakimbizi. Aliulizwa alikimbia mwaka gani. Akasema 2006. Muda kidogo akasema 2010. Akamtaja ndugu aliyekufa kana kwamba yuko nje anasubiri. Anayehoji alikuwa anaandika, na nilijua anachokiandika kinaweza kusomwa na mtu mwingine kuwa uongo. Nilikuwa nimeomba kukaa naye, na mkononi nilikuwa na barua ya daktari. Haikusema tu "alipata kiharusi". Ilieleza kwamba ubongo umeumia upande wa kulia, kwamba hawezi kupanga tarehe na matukio kwa mfuatano, kwamba majibu yanayopingana ni dalili, na kwamba ahojiwe asubuhi, kwa Kiswahili, kwa vipindi vifupi, pamoja na mtu wa familia. Mahojiano yalisimamishwa, yakapangwa upya kwa masharti hayo, na barua ikaingia kwenye faili. Bila karatasi ile, ugonjwa wa mama ungekuwa kosa lake. Yeyote mwenye mgonjwa wa kiharusi kambini aiombe barua ya namna hiyo kabla hajaitwa, na ahifadhi nakala pamoja na kitambulisho na karatasi ya familia katika mfuko mmoja usiopitisha maji, mahali panapojulikana na watu wawili.

Neno kuhusu anayeuguza. Katika familia zetu, mzigo huu humwangukia binti, au mke wa mtoto wa kiume, na watu humsifu badala ya kumpokea. Sifa hazimlazi usingizi. Uangalizi wa akili una uchovu wake wa pekee: unaulizwa swali moja asubuhi nzima, unatuhumiwa kuiba shuka, unamlilia mtu aliye hai. Tulikaa kikao cha familia, tukaandika zamu. Kaka zangu wanatoa pesa na pia wanatoa siku zao, maana pesa haimwongozi mgonjwa chooni. Mjukuu mkubwa ana jioni zake. Mimi nina wiki ambazo siitwi. Anayeuguza akilala, huuliza kwa upole. Akikosa usingizi, hupaza sauti, na mgonjwa aliyepaziwa sauti huchanganyikiwa zaidi, kazi ikaongezeka kwa wote wawili.

Mama hajawa yule wa Kiwanja. Madeni hayakai tena kichwani mwake, na wanawake wa New Congo waliokuwa wanadaiwa walikuja wenyewe, wengi wao, kutaja wanachodaiwa. Lakini beseni la ndagala limerudi mbele ya nyumba. Yeye huchagua samaki na kutaja bei, bei huwa sahihi; mjukuu hupokea pesa na kutoa chenji. Kazi imegawanywa pale hasa daktari alipotuonyesha kwamba pameumia, naye anafanya yote yaliyo upande wa uzima.

Kadi yake ya kliniki ina mahali pa kuandika presha, sukari, uzito na tarehe ya kurudi. Kila mwezi muuguzi hujaza. Ombi langu kwa wanaohudumia watu wetu, Nakivale na Mbarara, na popote wanapouguzwa kwa Kiswahili, ni mstari mmoja zaidi kwenye kadi hiyo: akili ikoje? Aulizwe mgonjwa kwa lugha yake, aulizwe pia anayeishi naye, na lijazwe jibu kila anaporudi. Na sisi wa nyumbani tusingoje mstari huo uchapwe. Mgonjwa akitoka wodini, tumuulize daktari ni sehemu gani ya kufikiri imeumia, ni ipi imebaki, na tufanye nini kesho asubuhi. Maswali hayo matatu hayagharimu shilingi, na familia inaweza kupata majibu yake kabla ya kupanda gari la kurudi.